Pakiti Hubaki kwa Ami

Duka la kona ya mtaa wetu, Kibokoni, lina dirisha la nondo lenye uwazi wa kupitisha mkono na mkate. Kwenye nondo mojawapo kimefungwa kiberiti cha gesi kwa uzi wa kushonea magunia, asije mtu akakitia mfukoni akaenda zake. Usiku ule nilikuwa nimeteremka baada ya Isha kununua ndimu na maziwa ya asubuhi. Mbele yangu walisimama vijana watatu, na mmoja wao ni mdogo wangu.

"Ami, tupe fegi tatu."

Mkono wa ami, mwenye duka, ulizama chini ya kaunta, ukapapasa, ukarudi na sigara tatu zimelala kiganjani. Pakiti sikuiona, na wao pia hawakuiona. Mdogo wangu akakivuta kiberiti kwa uzi wake, akainama, akawasha, akainua kichwa. Macho yetu yakakutana. Fegi ikaenda mgongoni. Moshi ukawa unapanda nyuma ya sikio lake huku ameniganda usoni, ananiuliza habari za nyumbani, nyumba ambayo tumetoka sote asubuhi ile.

Sikugomba. Nilicheka, kisha nikawauliza wote watatu: "Hamuogopi nyinyi?"

"Namuogopa mama tu," akasema mdogo wangu. "Tafadhali, dada."

Wa pili kwao ni Limuru. "Mimi huku Mombasa sivuti sana, dada. Kwetu ni ile baridi." Alikuwa anasema hivyo na fegi inaning'inia mdomoni, shati limemganda kwa jasho.

Wa tatu ametoka Migori, kunakolimwa tumbaku. Yeye alifikiri kidogo. "Hiyo ndiyo iliyonilipia karo. Nitaiogopaje?"

Nikanunua ndimu zangu nikapanda nyumbani. Majibu yale hayajanitoka kichwani tangu siku hiyo. Vijana watatu wa rika moja, wote wamemaliza chuo, wote wanafanya mafunzo ya kazi katika ofisi moja ya wakala wa forodha, wamevuta kutoka pakiti moja. Kila mmoja na lake, na hakuna aliyetaja ugonjwa.

Kujua wanajua

Mtu angeweza kusema hawajaelimishwa. Mimi nilianzia hapo, na sikufika mbali. Uchunguzi wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku uliofanywa Kenya mwaka 2014 ulikuta zaidi ya watu wazima tisa kati ya kumi wanasema uvutaji husababisha ugonjwa mbaya. Tisa kati ya kumi! Ni mambo machache nchi hii tunayokubaliana kiasi hicho. Mdogo wangu mwenyewe ukimwamsha usiku wa manane atakutajia saratani ya mapafu kabla hajafungua macho.

Ubishi huu ni wa zamani huko Marekani. Mwanauchumi W. Kip Viscusi alionyesha miaka ya 1990 kwamba watu, wavutaji wakiwemo, huikadiria hatari ya saratani ya mapafu kuwa kubwa kuliko ilivyo. Kwa hivyo, akasema, wanaovuta wamechagua huku wakijua. Mwanasaikolojia Paul Slovic akampinga. Kijana, alisema, anaweza kuijua takwimu na bado asijue lililo la maana zaidi: kwamba ile fegi ya leo haionekani kuwa kitu, na kwamba siku atakapotaka kuacha hataweza kwa urahisi anaoufikiria. Anapima sigara moja moja. Jumla haimo kwenye hesabu yake.

Niliposoma hayo nikaona kuna kipande kimebaki. Slovic anazungumzia kijana, kana kwamba kijana ni mmoja. Wale wangu watatu walikuwa wameibeba hofu kila mmoja kutoka kwao, na nyingine zilikuwa zimepotea njiani.

Picha anayoiona asiyevuta

Kwanza lile la pakiti.

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Julai 2008, inakataza kuuza sigara moja moja. Ukitaka kununua, ununue pakiti yenye sigara kumi au zaidi. Nia yake iko wazi: bei ya pakiti ingemzuia mwenye sarafu ya ishirini, na mwenye kumudu angelazimika kuibeba picha ya onyo mfukoni. Picha hizo zilipiganiwa hasa. Kanuni zilitoka mwaka 2014, picha zikaanza kuonekana 2016, na kesi iliyofunguliwa na kampuni ya sigara ilikwenda hadi Mahakama ya Juu, ambako kampuni ilishindwa Novemba 2019.

Sasa nenda kwa ami. Picha iko chini ya kaunta, imeelekea ukutani. Anayeitazama kila siku ni ami, ambaye havuti.

Niliuliza kama haimsumbui. "Mie naangalia zimebaki ngapi," akasema, akaniongezea ndimu moja ya bure, na nikaelewa kuwa mazungumzo yamekwisha.

Vuka Daraja la Nyali uingie supamaketi yoyote kule. Mwenye mshahara ananunua pakiti nzima, anaipata na picha yake. Kwa hivyo hata ndani ya Mombasa hii moja onyo la serikali linamfikia mwenye pesa, na wa Kibokoni, Majengo na Kisauni anapewa sigara tupu. Sijui kama walioandika kanuni walilifikiria dirisha la nondo.

Aibu ina mipaka yake

Huku kwetu kinachomzuia mtu kuvuta, kama kipo, ni macho ya watu. Kijana hatavuta mbele ya baba, mbele ya mwalimu wake wa chuoni, wala barazani wazee wakiwepo. Masheikh wengine husema ni makruhu, wengine haramu, na kijana hujichagulia fatwa kulingana na saa. Kisha kuna udi, kuna mswaki, kuna ndimu, kuna lozi za mnanaa. Mji mzima una ujuzi wa kuficha harufu.

Na kuna Ramadhani. Mdogo wangu hufunga mwezi mzima, zaidi ya saa 13 kwa siku, hanusi moshi, hagombi, hatetemeki. Magharibi ikiadhiniwa anakula tende, anakunywa maji, anaswali, kisha anapotea kidogo. Sote tunajua anakopotelea.

Kwa muda niliamini kwamba aibu ni dawa nzuri kuliko picha. Hata takwimu zilionekana kunipa haki. Ule uchunguzi wa 2014 ulikuta asilimia 15.1 ya wanaume Kenya wanavuta, na wanawake asilimia 0.8 tu. Wanawake hawana mapafu tofauti. Wanachozidiwa nacho ni macho ya watu.

Nilikuwa karibu kuandika makala hii hivyo, niisifu aibu ya Pwani nimalize.

Kisha nikasoma mstari wa chini yake. Tumbaku isiyo na moshi, yaani ugoro, kuberi na jamii yake: wanaume asilimia 5.3, wanawake asilimia 3.8. Pengo lote lile limeyeyuka. Palipo na moshi wanawake hawapo. Moshi ukiondoka, wamo. Nikawakumbuka mabibi zetu na tambuu zao, yule aliyekuwa akitia tumbaku kwenye jani kabla ya kulikunja, mdomo mwekundu, na hakuna mtu aliyewahi kumwita mtumiaji wa tumbaku. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeweka tambuu, yenye tumbaku na isiyo na tumbaku, katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Popoo yenyewe, ile kokwa inayotiwa kwenye jani, imo.

Aibu haikuwa imeizuia tumbaku. Ilikuwa imeifundisha kujificha.

Ukishaliona hilo unaona mengine. Msichana ambaye hawezi kushika sigara hata kwa mzaha anapiga picha na shisha usiku wa arusi ya rafikiye, bomba limefungwa riboni, moshi unanukia tufaha. Mmoja aliniambia kwa upole kabisa, kama anayenifahamisha mgeni: "Ile inapita kwenye maji, dada, inasafishwa." Maji huupoza moshi, na ukipoa unavutika kwa wingi zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu akikaa na shisha saa moja anaweza kuvuta moshi sawa na wa sigara 100 au zaidi. Serikali iliipiga marufuku Desemba 2017. Januari 2024 mahakama ya Shanzu, hapa hapa kwetu, ikasema marufuku ile haikufuata utaratibu kwa kuwa haikupelekwa Bungeni, na walioshtakiwa wakaachiliwa. Kwa wengi niliozungumza nao habari iliyofika ni fupi zaidi: shisha imeruhusiwa.

Na sasa kuna vile vifuko vidogo vyeupe vya nikotini, vya kubana chini ya mdomo. Havina moshi wala harufu, na meno hayabadiliki rangi. Kama mtu angekaa chini kubuni kitu cha kuwashinda wazee wa Mji wa Kale, angebuni hicho.

Jani bichi

Yule wa Migori nilimtafuta tena. Alinieleza jambo ambalo hakuna bango lililowahi kunieleza.

Alfajiri, alisema, majani ya tumbaku yakiwa na umande, ukiyachuma bila kujifunika mikono unaanza kuona kizunguzungu. Kisha kichefuchefu. Alikuwa mtoto wa shule ya msingi mara ya kwanza alipotapika shambani, akadhani ni malaria. Madaktari wanaijua hali hiyo: nikotini huyeyuka kwenye maji ya jani na kupenya ngozi. Mwili wake, kwa maneno mengine, uliwahi kuonywa kuliko mimi na mdogo wangu tukiwekwa pamoja.

"Sasa mbona unavuta?"

"Ile sumu ni ya jani bichi. Likikaushwa imekwisha."

Haijakwisha. Ingekuwa imekwisha, hakuna ambaye angeinunua. Lakini nilipomsikiliza niliona ni kwa nini alihitaji iwe imekwisha. Banda la kukaushia, kuni zilizokatwa mlima hadi mlima, mkopo wa mbolea unaokatwa kwenye malipo, na mwishoni karo. Mtu hawezi kukaa meza moja na kitu kilichomsomesha akakiita muuaji. Tangu 2022 kuna mradi wa mashirika ya Umoja wa Mataifa huko Migori unaowasaidia wakulima kuhamia maharagwe yenye madini mengi ya chuma, na nilipomtajia alichangamka. Mjomba wake analima. "Maharagwe unaweza kuyala," akasema, na sentensi hiyo ndiyo jambo baya pekee aliloisemea tumbaku jioni nzima.

Si Kenya pekee. Marekani kuna serikali moja na onyo la aina moja kwenye pakiti, na bado Utah, jimbo la Wamormoni ambao dini yao inakataza tumbaku, kwa miaka mingi limekuwa na wavutaji wachache kuliko majimbo yote. Kentucky, lenye historia ndefu ya kilimo cha tumbaku, liko kwenye kundi la wanaovuta zaidi. Nilipoona majina hayo mawili nikawaona mdogo wangu na rafiki yake wamesimama pale dirishani.

Wa Limuru nimemwacha nyuma kwa sababu hana mengi. Baridi ilimfundisha, na sasa amehamia penye joto, na mkono umezoea. Tabia imesafiri, sababu imebaki nyumbani. Ndiye anayenitia wasiwasi kuliko wote, maana hana tena hata anayemuogopa. Mama yake yuko mbali kwa mwendo wa usiku mzima wa basi.

"Moja tu"

Jambo moja waliafikiana wote. Hakuna anayejihesabu kuwa mvutaji. Mvutaji ni yule mzee wa bandarini wa pakiti nzima, anayekohoa hadi mtaa wa pili. Wao ni moja baada ya kazi, mbili tatu wakikaa na muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa yanayotoka Embu, siku za Jumamosi.

(Muguka nao ulipigwa marufuku Mombasa na Gavana Abdulswamad Nassir Mei 2024, Kilifi na Taita Taveta wakafuata, mahakama ikasimamisha amri muda si muda. Kelele zilikuwa kubwa, Embu walikuja juu, na katika kelele zote zile sikusikia mtu akiitaja sigara inayovutwa pamoja na huo muguka.)

Hapa ndipo nilipokwama muda mrefu, kwa sababu nami niliamini hivyo hivyo. Moja si neno. Mwaka 2018 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi kuhusu sigara moja kwa siku na moyo. Ukitarajia hesabu ya shule, moja kati ya ishirini ingekupa sehemu ya ishirini ya hatari. Haiko hivyo. Anayevuta moja kwa siku anabeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayoibeba anayevuta ishirini. Kiharusi nacho hakiko mbali na hapo.

Moyo, si mapafu. Nilirudia sentensi hiyo mara kadhaa.

Maana mapafu ndiyo tuliyofundishwa kuyaogopa, na mapafu ni ya mvuta pakiti. Mtu wa moja kwa siku akijipima kwa mapafu anaona yuko salama. Mauti yake yanakuja kwa mlango mwingine, na mlango huo huku kwetu una jina lake: presha. Mtu wa miaka 48 akianguka akitoka kuswali tunasema ni presha, ni moyo, ni amri ya Mungu. Na ni amri ya Mungu kweli. Lakini sijawahi kukaa kwenye matanga yoyote Mombasa nikamsikia mtu akiiunganisha presha na fegi ya baada ya kazi.

Wanaosalia ndio tunaowaona. Richard Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wa Uingereza kwa miaka 50 na kuchapisha hesabu yao mwaka 2004: walioendelea kuvuta, karibu nusu waliuawa na tumbaku, na kwa wastani walipoteza miaka kumi ya uhai. Nusu nyingine ndiyo iliyokaa barazani inanywa kahawa chungu, ushahidi hai kwamba sigara haidhuru. Ile iliyokufa haina kiti pale.

Nilimpelekea mdogo wangu habari nzuri iliyomo kwenye utafiti huo huo. Anayeacha akiwa na miaka 30 hivi huipata karibu miaka yake yote kumi.

Akafikiri. "Kwa hivyo nina miaka sita ya kuvuta bure?"

Nilitaka kumpiga kofi. Kisha nikaona ni Slovic yule yule: ana hakika kwamba mtu wa miaka 30 atakayeacha ni yeye, na kwamba mtu huyo atakuwa na nguvu asizo nazo yeye leo.

Mama alijua

Wiki iliyopita tulikuwa tunakunja nguo, mimi na mama. Akafika kwenye kanzu ya mdogo wangu, akaisogeza puani, akaiweka kando na zile za kufuliwa tena.

"Huyu naye," akasema.

Nikanyamaza. Nilikuwa nimeombwa ninyamaze.

"Nguo zake azifua nani, kama si mimi? Tangu mwaka jana najua."

"Mbona hukumwambia, mama?"

Hakujibu upesi. Alisema akimwambia atakuwa ameshaambiwa, na baada ya hapo ama aache ama avute mbele yake, na hilo la pili hataliweza. Bora ajifiche, maadamu anaona haya. Na majirani? Kuta za Kibokoni ni nyembamba, ukigombeza mtoto sebuleni wa ghorofa ya chini anakusaidia kugombeza. Basi wao wawili wamekuwa wakifichana kitu ambacho kila mmoja anacho mkononi.

Halafu akaongeza, kwa sauti ya mtu anayejituliza: "Na avuta moja tu, Alhamdulillah. Babu yenu alivuta pakiti, kafika themanini."

Nikaziacha nguo nikamweleza ile ya moyo. Nilimweleza polepole, nusu ya hatari kwa sigara moja, na nikamtajia wajomba wawili ambao sote tulisema ni presha. Mama ana presha mwenyewe, anameza vidonge kila usiku. Neno hilo analijua kwa ndani. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Akaniuliza nani aliyepima. Akaniuliza kwa nini hawaandiki *hilo* kwenye pakiti, na nikamwambia vyovyote wanavyoandika, pakiti hubaki kwa ami.

Akachukua ile kanzu tena, akaikunja kama ilivyo, na harufu yake. Alisema atazungumza na mwanawe Ijumaa wakishakula, milango ikiwa imefungwa, na mimi nitafute pa kwenda.